Ugonjwa wa Ini na Daftari la Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na mwenzetu mmoja, karani wa kumbukumbu za hospitali. Yachapwa hapa kwa maombi ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



 Nilipopokea barua ya Bwana Katibu ya kuniomba niseme neno juu ya afya, niliwaza kwanza kumjibu kwamba mimi si daktari wala mwuguzi. Mimi ni karani tu, ambaye kwa muda wa miaka kumi na minane nimeandika majina ya wagonjwa waingiapo hospitali, na majina yao watokapo, kwa miguu yao au kwa machela. Kisha nikaona kuwa jambo nililo nalo moyoni ni jambo la makarani hasa, maana bila kazi ya makarani lisingalijulikana hata leo. Basi naomba mnivumilie.

Jambo lenyewe ni ugonjwa wa ini, na zaidi ile saratani ya ini ambayo katika Afrika humjia mtu angali na nguvu zake, ana watoto wadogo na nyumba haijaezekwa. Mtu huona uzito mkono wa kuume, chini ya mbavu. Hukonda, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano. Na mara nyingi tangu siku ile alipokuja hospitali mwaka haumalizi. Akiwa mnywaji, watu husema pombe imemmaliza. Asipokuwa mnywaji, husema amelogwa. Na daftari letu husema "Tumbo", basi.

Sasa nataka niwaeleze jinsi asili ya ugonjwa huu ilivyotafutwa, nami nitaanzia mbali, katika kisiwa cha Taiwan, Mashariki ya Mbali, kwa sababu mtakayoiona sasa hivi.

Mwaka 1965 Daktari Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walitangaza habari za kitu kigeni walichokiona katika damu ya mtu mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikajulikana kuwa kitu kile ni sehemu ya virusi viletavyo homa ya ini aina ya B, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Madaktari wa nchi nyingi wakaanza kupima damu za watu wenye saratani ya ini, wakaviona virusi hivyo kwa wengi wao. Lakini hapo pana shaka. Ukimkuta panya ndani ya kihenge kilichotoboka, hujui kama panya ndiye aliyetoboa, au alipita akaliona tundu akaingia. Pengine virusi ndivyo vilivyoleta saratani. Pengine ini lililokwisha kuharibika ndilo lililovikaribisha. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kukitazama kihenge kabla hakijatoboka.

Maana yake, wapatikane watu maelfu walio wazima, wapimwe damu, waandikwe, kisha wangojewe kwa miaka, na katika miaka hiyo asipotee hata mmoja. Watu wa namna hiyo hupatikana wapi? Mkulima mvua ikikosa huhama. Mchuuzi leo yuko hapa, kesho yuko mnada wa pili. Mabwana, walipatikana maofisini. Daktari Palmer Beasley, Mmarekani aliyefanya kazi Taiwan, pamoja na wenzake wa huko, waliwachukua watumishi wa Serikali. Tangu mwaka 1975 hata 1978 waliandika wanaume 22,707, wengi wao watu wa kalamu kama sisi. Mtumishi ana jalada, na akihamishwa jalada lake humfuata. Tena watumishi wale walikuwa na bima ya Serikali, ya matibabu na ya maisha, na familia haiwezi kupata haki yake ya bima mpaka karatasi ya kifo imefika mezani kwa karani. Hivyo hata aliyekufa mbali alijulikana amekufa lini na kwa nini.

Katika watu wale, wenye virusi katika damu walikuwa 3,454, na wasio navyo 19,253. Habari ilipochapishwa mwaka 1981, watu 41 walikuwa wamekwisha kuonekana na saratani ya ini. Sikilizeni hesabu yao: 40 walitoka katika lile kundi dogo lenye virusi, na mmoja tu katika kundi kubwa lisilo navyo. Mara ya kwanza nilipoisoma nilidhani mpiga chapa amekosea, nikaitafuta mahali pengine, nikaikuta vile vile. Katika wenye virusi walikuwa wamekufa watu 105 kwa sababu za kila namna, na zaidi ya nusu yao walikufa kwa saratani ya ini au kwa ini kusinyaa na kujaa makovu. Katika wasio na virusi walikufa 202, na walioondoka kwa maradhi hayo mawili walikuwa watatu. Wakapiga hesabu kwamba hatari ya mwenye virusi yapita ya asiye navyo mara 223. Katika uchunguzi wa maradhi, hatari ikizidi mara mbili tu watu huketi kitako wakasikiliza. Mara 223 ni jambo la kumfanya mtu aangushe kalamu.

Ndipo Serikali ya Taiwan, mwaka 1984, ikaanza kuwachanja watoto wachanga wa akina mama wenye virusi, na baada ya miaka miwili watoto wachanga wote. Wakaendelea kuandika. Kabla ya chanjo kuenea, katika kila watoto 100,000 wa miaka 6 hata 14, walioonekana na saratani ya ini kwa mwaka walikuwa kiasi cha 0.70, katika miaka ya 1990 hata 1994 hesabu ikawa 0.36. Saratani imepunguzwa kwa sindano, jambo ambalo wazee wetu wa udaktari wasingalilisadiki.

Nimekaa sana Taiwan, na mtu ataniuliza yahusu nini kwetu. Yahusu hivi. Virusi hivi viko Afrika tele. Mama aweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na watoto wadogo hupeana wenyewe kwa wenyewe katika michezo, kwa michubuko na vidonda. Mtoto mchanga akivipata, karibu tisa katika kumi hubaki navyo maisha yake. Mtu mzima akivipata, katika mia hawafiki watano watakaobaki navyo. Hivyo mzigo huu wengi wetu, tukiwa nao, tuliutwikwa kabla hatujajua kusema "mama". Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania Bara ya leo, pamoja na Visiwani, iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002. Basi kila mmoja hapa atazame mwaka aliozaliwa. Naona vichwa vingi vyenye mvi, sisi hatukuchanjwa.

Walakini virusi si habari yote. Kuna chakula.

Mwaka 1960 katika Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana, na ilipochunguzwa sana ikaonekana walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota kuvu. Kuvu huyo huitwa Aspergillus flavus, na kwa jina lake sumu ikaitwa aflatoksini; siku hizi kwetu husemwa sumukuvu. Hukaa katika mahindi na karanga, hasa zilizopata ukame shambani kisha zikawekwa hazijakauka vizuri. Haina ladha wala harufu ya kumwonya mtu. Tena moto wa jikoni hauiui: ugali ukiiva sana, sumu imo vile vile.

Je, iliyowaua bata mzinga humletea mtu saratani? Mwaka 1973 wachunguzi wawili, Peers na Linsell, walitoa habari za kazi yao katika wilaya ya Murang'a, Kenya. Nchi ile wajua yateremka kutoka milima ya Aberdare hadi mabondeni kwenye joto. Waliigawa sehemu tatu, ya juu, ya kati na ya chini, wakachukua chakula cha jioni kutoka majumbani, kile hasa ambacho watu walikuwa wakila, na pombe ya kienyeji pia, wakapima sumu yake. Sumu ilizidi kadiri walivyoteremka bondeni, na saratani ya ini kadhalika. Hesabu ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na damu za watu hazikupimwa virusi wakati ule, kwa hiyo si ushahidi wa kufunga kesi. Lakini mimi napenda sana uchunguzi huo. Mtu aliyekwenda nyumba hata nyumba kuomba kijiko cha irio cha kupima alijua kuwa maradhi hukaa sufuriani kabla ya kukaa hospitali.

Sumu ikiwa nyingi haingoji saratani, huua kwa siku chache. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, huko Kenya, waliugua watu 317 na 125 katika hao wakafa, ini zimeharibika. Mahindi ya madukani na masokoni yalipopimwa, katika kila sehemu mia, sehemu 55 zilipita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya wakati ule, na sehemu 7 zilikuwa na sumu zaidi ya mara 50 ya kiasi hicho. Wachunguzi wakawauliza wagonjwa na majirani wao wazima maswali yale yale, wakaona tofauti: nyumba za wagonjwa ziliweka mahindi mabichi, tena ziliyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani nje. Kwa nini mtu aweke mahindi mabichi chumbani alalamo? Kwa sababu mavuno yalikuwa haba, na mwenye haba huogopa mwizi. Alivuna mapema kabla hayajaibiwa, akayalaza karibu naye. Hapo mwaona, Mabwana, kwamba kuvu hakuingia peke yake. Njaa ilimfungulia mlango.

Na msidhani ni mambo ya ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu zaidi ya 60 kwa sumu hiyo hiyo, na 20 wakafa.

Mwanamke wa nyumba, akiweza kuchagua, huketi na ungo wake akatoa punje zilizovunjika na zenye rangi ya ukungu, na kwa kazi hiyo ndogo hutoa sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako hupunguza, maana sumu hukaa sana katika ganda na kiini. Nasikia mnanong'ona juu ya dona. Dona ni chakula bora cha kujenga mwili, sikatai, nami naila. Lakini mahindi yake yawe safi na makavu. Tatizo ni zile punje zilizotolewa. Kwa tajiri hutupwa. Kwa maskini hufanywa kimea cha pombe, au hupewa kuku na ng'ombe, na ng'ombe akizila, sumu hutoka katika maziwa. Mwenye gunia moja tu hawezi kuchagua kitu. Ni rahisi kwetu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi kumwambia mtu atupe chakula.

Mambo haya mawili, virusi na sumu, yakikutana katika mwili mmoja hayaji kwa kujumlishwa. Katika Shanghai wanaume 18,244 walitoa mkojo wao kati ya mwaka 1986 na 1989, ukawekwa, wakangojewa kama wale wa Taiwan. Habari za mwaka 1994 zasema kuwa mwenye alama za sumukuvu peke yake hatari yake ilizidi kiasi cha mara 3. Mwenye virusi peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili, mara 59. Tafadhali iandikeni hesabu hiyo. Nchi yenye virusi tele na mahindi yenye ukungu haina sababu ya kumtafuta mchawi.

Juu ya pombe nitasema machache, maana kila mhubiri amekwisha kuisema. Hudhuru ini kweli, hulisinyaza, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa dunia wameihesabu katika visababisho vya saratani. Lakini imetwishwa makosa yasiyo yake, na marehemu wengi wamezikwa na sifa ya ulevi wasiyostahili. Kadhalika kichocho cha tumbo, kilichoenea sana kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, hukaza mishipa ya ini mpaka mtu hutapika damu, tumbo likajaa maji. Kina dawa yake, wala si saratani. Katika daftari letu hao nao huandikwa "Tumbo".

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa nikitaka kupapita kimya.

Marehemu kaka yangu alikuwa mwalimu. Alikufa ana umri wa miaka 43, naye katika maisha yake hakuonja pombe. Kwa kuwa hakuwa mnywaji, ukoo ulikaa kikao ukatafuta mtu, ukampata mkewe. Hapakuwa na ushahidi ila kwamba ndiye aliyekuwa akimpikia. Shemeji alirudishwa kwao na watoto wawili na sanduku moja. Mimi nilikuwapo katika kikao kile, sikunena, na siku ya tatu nikarudi kazini nikalifungua daftari, nikaona safu ya sababu ya kifo chake iko wazi, kwa kuwa daktari alikuwa na haraka siku ile. Nikaijaza mwenyewe. Niliandika "Tumbo". Mkono ulioandika ni huu.

Baada ya miaka miwili hospitali ilileta vipimo vya homa ya ini kwa ajili ya watumishi wake, nikapimwa kama wenzangu. Nilikuwa na virusi. Dada yangu alipopimwa alikuwa navyo, na mama yetu, ambaye amepita miaka sabini na hajalala hospitali hata siku moja, naye alikuwa navyo. Mama hakulala usiku ule. Asubuhi aliniuliza, "Basi ni mimi niliyemwua mwanangu?" Nilimwambia kuwa naye alipewa na mtu asiyejua, na huyo alipewa na mwingine. Alinitazama tu. Shemeji na watoto wake walipimwa kwa shauri langu, hawana kitu. Watoto walikuwa wamechanjwa kliniki, na yeye amechanjwa sasa. Wazee wawili wa ukoo walikwenda kwao kumwomba radhi. Radhi aliipokea. Kurudi hakurudi.

Habari yangu ilipovuja, katika ofisi moja ambayo siitaji kikombe changu cha chai kilitengwa, kikawekwa juu ya kabati peke yake kimefungwa uzi mwekundu. Yafaa mjue kwamba virusi hivi haviambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kukalia kiti kimoja. Hupita kwa damu, kwa wembe na sindano vilivyotumiwa na mwingine, kwa tendo la ndoa, na kwa kuzaa. Aliyefunga uzi ule ni mtu mwema, alinisaidia sana nilipofiwa, nami simlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Mwenye virusi hana hukumu ya kifo. Wengi huishi wakazeeka kama mama yangu. Mimi huenda kutazamwa ini kila baada ya miezi sita, na kila siku nameza kidonge kimoja kwa amri ya daktari. Si kila mwenye virusi huhitaji kidonge, daktari ndiye aamuaye. Asiye na virusi, wala hajapata kuchanjwa, huchomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Yule anayekwenda mara moja akaridhika ndiye mwenye kunitia wasiwasi zaidi, maana nawajua watu wa maofisi.

Nina maombi mawili kwa Chama. La kwanza ni kwa makarani wenzangu wa hospitali, wa kata na wa mahakama, wote wenye daftari lenye safu ya sababu ya kifo. Msiijaze kama nilivyoijaza mimi. Mkiiona iko wazi, chukueni daftari mwende nalo kwa daktari, mngoje mlangoni, hata akikasirika. Akisema "ini", ulizeni ni ini la namna gani, na kama damu ilipimwa. Mtu akitaka siku moja kujua kama watu wa bonde fulani wafa kwa ini kuliko watu wa mlimani, na mahindi yao yawekwaje, hatakuwa na mahali pa kuanzia ila pale mlipoandika ninyi. Wale wa Taiwan walikuwa na karatasi za bima zilizojazwa sawasawa. Sisi tuna neno "Tumbo" kurasa kwa kurasa. Nimezihesabu za miaka mitano katika daftari langu mwenyewe, nikaacha kwa aibu.

La pili ni hili. Bwana Katibu amekubali kuandika orodha ya wanachama watakaokwenda kupimwa pamoja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, wao na wake zao au waume zao. Majibu yatakuwa siri ya kila mtu na daktari wake, wala hayataingia katika jalada la kazi. Jambo hilo nimelitaka liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, na Bwana Rais ametia sahihi. Orodha iko mezani karibu na mlango, na kalamu ipo. Jina la kwanza ni langu, ijapokuwa majibu yangu mmekwisha kuyasikia. La pili ni la yule bwana wa uzi mwekundu, ameniruhusu niseme.